Moshi wa sigara wa jirani ukiingia kwako

Tunakaa ghorofani hapa Tudor, Mombasa, na mwanangu ana pumu, kwa hivyo jambo hili linanikera kwelikweli. Anza kwa kutafuta moshi unapopitia. Shika kipande cha karatasi ya chooni mbele ya kila ufa. Kikipepea, hewa inapita hapo. Kwetu ilikuwa chini ya sinki la jikoni, pale bomba la maji machafu linapotoboa ukuta. Paziba kwa silikoni, na chini ya mlango wa mbele ubandike mpira.

Madirisha hatuwezi kuyafunga yote kwa joto hili. Funga la upande unaotoka moshi, ufungue la upande wa pili. Udi hauondoi sumu, huficha harufu tu, na wenyewe pia ni moshi.

Halafu mwendee jirani kwa adabu, wakati havuti: “Kaka, samahani, moshi unaingia chumbani kwa mtoto. Waweza kuvutia kule chini uwanjani?” Wengi huelewa. Asiposikia, mwandikie mwenye nyumba ukitaja tarehe na saa, na umkumbushe Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, inayokataza kuvuta sigara mahali pa umma. Mwombe abandike kibao kwenye ngazi na lifti.