Ranthambore si Mara: kwenda kumtafuta simbamarara India

Ukilea watoto ughaibuni, swali hili halikukwepi: "Baba, kwetu kuna simbamarara?" Wangu wanasoma Muscat, na wenzao darasani wanaamini kabisa kwamba Afrika yote imejaa wanyama hao. Hakuna hata mmoja porini kwetu. Simbamarara, au chui milia kama wengine mnavyomwita, ni wa Asia, na wengi wao wako India: sensa ya 2022 ilikadiria 3,682. Kwa sisi wa Ghuba, Delhi ni kama saa tatu tu kwa ndege. Tukaenda Ranthambore, jimbo la Rajasthan, Januari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda na akili ya Mara. Kule kwetu dereva anasikia kwenye redio kwamba simba yuko mahali fulani, anakata kona, mnafika. Ranthambore imegawanywa kanda kumi, na tiketi yako ina kanda moja. Mnyama akionekana kanda ya jirani, shauri yake. Gari haliachi njia, na msitu ni mkavu na wa vilima, si uwanda wa nyasi. Kwa hiyo usinunue safari moja ukasema umemaliza. Nunua tatu, nne kama mfuko unaruhusu, za asubuhi na za jioni. Ukipata nafasi ya kuchagua, mimi napenda kanda ya 3, yenye maziwa ya Padam Talao na Rajbagh. Hata simbamarara asipotokea, kuna mamba na tausi.

Tiketi hukatwa mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali ya Rajasthan, kwa jina na namba ya pasipoti, na getini wanataka kuiona pasipoti yenyewe. Mgeni hulipa zaidi ya Mhindi. Usinung'unike, nasi tunawafanyia wageni hivyo hivyo Serengeti. Magari ni ya aina mbili: Gypsy, jipu la wazi la watu sita, na canter ya watu ishirini. Canter hiyo usidhani ni ile ya kubebea viazi sokoni, ingawa undugu upo. Wakala mmoja alituuzia Gypsy, alfajiri ikaja canter, na pesa ya tofauti hatujaiona hadi leo. Kata mwenyewe, mapema, hasa kama unalenga Diwali au mwisho wa mwaka.

Kanda za 1 hadi 5 hufungwa Julai hadi Septemba, wakati wa mvua. Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40, lakini wanyama husogea kwenye maji na huonekana kwa urahisi zaidi. Sisi tulichagua baridi, na baridi ile si mchezo. Mtoto aliyezoea Muscat, ndani ya gari lisilo na paa kabla jua halijatoka, anahitaji koti, kofia na glavu. Tulijifunga mablanketi ya hoteli kama wazee wa Njombe.

Viza ya mtandaoni ipo kwa pasipoti za Kenya na Tanzania. Jambo moja watu husahau: ukitoka nyumbani likizo na kuunganisha moja kwa moja India, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wanahesabu siku sita tangu ulipotoka nchi yenye ugonjwa huo, na chanjo lazima iwe imetimiza siku kumi. Bila kadi wanaweza kukuweka karantini. Kutoka Delhi, panda treni hadi Sawai Madhopur, ambako stesheni iko karibu na hifadhi. Ukitokea Jaipur ni kama saa mbili.

Porini, masikio ndiyo macho. Safari yetu ya tatu, mwongozaji alimgusa dereva bega, injini ikazimwa. Sambari, mnyama mkubwa wa kule anayefanana na swala, alitoa mlio mmoja mzito, kama mtu anayepigwa ngumi ya mgongo. Kimya. Akarudia. Juu ya mti langur, tumbili wa mkia mrefu, wakaanza kukohoa, wote wakitazama upande mmoja. Tulikaa hivyo dakika kama arobaini, binti yangu amenibana mkono, vumbini mbele yetu kuna nyayo pana kuliko kisahani cha chai. Akatoka jike mmoja, akakatiza njia bila hata kututazama, akaingia majani ya upande wa pili. Sekunde kumi, labda. Picha yangu ina mkia.

Safari nyingine tatu hatukuona kitu. Siku kama hiyo pandeni ngome ya Ranthambore, ambayo tangu 2013 ni urithi wa dunia chini ya UNESCO. Iko ndani ya hifadhi lakini haihitaji tiketi ya safari, na kutoka ukutani unaona maziwa yote chini. Jumatano epuka, maana mahujaji wa hekalu la Ganesh lililo ndani ya ngome hujaa njia nzima. Na karanga zifiche ndani kabisa ya begi: langur wa pale ngazini wanajua zipu.