Picha ya sarafu ni taa, mambo ya kamera yanafuata

Watu wengi picha za sarafu zikitoka vibaya wanaanza kuilaumu simu, mara kamera haina megapikseli, mara lenzi imechoka, wakati shida iko kwenye taa na hata hawajaigusa. Sarafu ni kioo kidogo chenye vilima na mabonde, mwanga ukiipiga unaruka kwa pembe ile ile uliyoingia nayo, sasa pale unapofikia lenzi unaona panang'aa na pale unapokwepa lenzi unaona giza. Basi, hiyo ndo siri yenyewe, mengine yote hapa chini ni kucheza na hiyo pembe tu.

Flashi zima. Iko pembeni mwa lenzi kabisa kwa hiyo mwanga wake unarudi ulikotoka, unapata doa jeupe katikati na uso wa sarafu hauonekani.

Simu au kamera iangalie chini wima. Kama huna stendi panga vitabu, laza simu juu yake lenzi itokeze nje ya ukingo, inatosha kabisa. Usiisogeze simu karibu sana na sarafu maana itajifunika kwa kivuli chake yenyewe na taa zitakosa pa kupita, bora uipandishe sentimita 15 mpaka 20 hivi alafu uvute zumu mara mbili, kisha ukate picha baadaye. Simu nyingi ukizisogeza karibu zinajibadilishia lenzi zenyewe zinaenda kwenye ile pana, kama ina sehemu ya kuzima hicho kitu kizime. Kujua kama imenyooka, weka kioo kidogo pale sarafu itakapolala, ukiona lenzi inajitazama katikati kabisa ya skrini uko sawa, ikikaa pembeni rekebisha vitabu.

Sasa taa. Tafuta mbili zinazofanana, zile za mezani zenye shingo ya kukunja ndo tamu zaidi, balbu ziwe aina moja. Chukulia sarafu ni saa ya ukutani, taa moja ikae usawa wa namba 10 nyingine namba 2, na zote ziinuke juu, zikaribie lenzi kadri inavyowezekana bila kuingia kwenye picha. Hapa ndo wengi wanakosea, wanaziweka chini kabisa usawa wa meza. Taa ikiwa chini vivuli vinakuwa virefu, mkwaruzo mdogo ambao kwa macho huuoni unageuka mtaro, na sehemu tambarare zote zinazama gizani. Ila kama sarafu imesagika sana mpaka maandishi hayasomeki, hapo taa moja tu ya chini kutoka upande mmoja itakusaidia, herufi zitasimama zenyewe.

Kabla hujabonyeza chochote jaribu hivi, zima taa moja, acha nyingine, chukua sarafu mpya isiyotumika uizungushe taratibu huku unaangalia skrini. Utaona miale ya mwanga inakimbia kuzunguka uso wake kutoka katikati kwenda ukingoni. Hiyo inatokana na namna sarafu inavyotengenezwa, ikigongwa kwa nguvu kwenye chapa ule uso wa chuma unatambaa kuelekea nje unaacha mistari midogo sana, na mistari hiyo ndo inarudisha mwanga kwa vipande. Huo mng'ao wakusanyaji wanautafuta kama nini sijui, na ndo kitu cha kwanza kupotea kwenye picha. Kwa hiyo zungusha sarafu, usihamishe taa, ukiona miale imekaa vizuri pande zote mbili za uso simama hapo hapo.

Na ndo maana mimi sikubaliani na ule ushauri wa kila kitu funika taa kwa karatasi nyeupe. Karatasi inalainisha mwanga ni kweli, na kadri inavyokaa karibu na sarafu ndo unazidi kulainika, lakini inaua huo mng'ao, sarafu mpya inatoka kama imepakwa rangi ya ukutani. Karatasi iweke kwa sarafu zilizotumika sana, au zile zenye madoa makali ya mwanga ambayo kila ukihamisha taa yanahamia kwingine. Karatasi ya kuokea inafaa, ila isiguse balbu inayopata moto.

Rangi nayo ina vurugu zake. Usichanganye mwanga wa dirisha na wa balbu, upande mmoja utakuwa bluu mwingine njano na hakuna programu itakayokutengenezea vizuri. Funga pazia, zima taa ya chumbani, baki na zako mbili. Balbu za kelvini 5000 mpaka 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga, hapo ni weupe wa mchana) zenye CRI, yaani alama ya jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa ukweli, ya 90 kwenda juu zinatoa rangi ya kweli. Alafu pima weupe (white balance kwenye kamera) kwa karatasi nyeupe chini ya taa hizo hizo na uufunge hapo, maana ukiiachia kamera ijiamulie, kwenye sarafu ya shaba inaona nyekundu imezidi basi inaipooza.

Ukiona mistari mistari kwenye picha, hiyo ni balbu ya LED inapepesa. Kama ina kidhibiti cha kupunguza mwanga kiweke juu kabisa, kisha punguza spidi ya shata (kasi ya kamera kufungua na kufunga) mpaka mistari ipotee, anza na 1/50 au 1/60 ya sekunde. Ukiwa na stendi na taima ya sekunde 2 spidi ndogo haina shida. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100, kwenye kamera kubwa tundu la lenzi f/8 linatosha. Kwenye simu bonyeza skrini ushikilie mpaka fokasi ijifunge, alafu shusha mwanga kidogo, sehemu nyeupe ikishaungua hairudi.

Kuna sarafu za kupendezea zenye uso kama kioo na picha iliyofifishwa juu yake, hizo ni mtihani. Ukitaka uso utoke mweusi na picha itoke nyeupe, toboa karatasi nyeusi ipitishe lenzi, iwe juu ya sarafu, ule uso wa kioo utaakisi hiyo nyeusi na taa za pembeni zitawasha picha peke yake.

Njia nyingine ni kioo kinachopitisha mwanga, kile cha fremu ya picha. Kisimamishe kimelala nyuzi 45 kati ya lenzi na sarafu, taa moja iingie kwa pembeni igonge kioo, sehemu ya mwanga itashuka wima kwenye sarafu na kurudi juu kupitia kioo hicho hicho mpaka kwenye lenzi. Weka kadi kuzuia taa isiipige sarafu moja kwa moja, na upande wa pili wa kioo weka kitambaa cheusi la sivyo ukuta wako utaonekana kwenye picha. Uso unawaka wote, kingo za michoro zinabaki nyeusi, na rangi zilizojijenga kwa miaka zinajitokeza.

Sarafu usiisugue ili ing'ae, thamani inaondoka hapo hapo, vumbi lipulize kwa pampu ya mpira, na ishike ukingoni. Na kama unauza, piga mbili, moja ya taa za juu na moja ya taa ya chini inayoonyesha mikwaruzo yote, mnunuzi akipokea mzigo asije akakurudia na maneno.