Kumshawishi mfugaji awaachie ndege nyasi

Ukifika shambani ukaanza na neno "uhifadhi", umeharibu kabla hujakaribishwa kiti. Kazi yangu ni kuzungukia wafugaji, kuwaomba wakate nyasi bila kuangamiza ndege wanaotaga chini humo, na wengi wao hawana ugomvi na ndege. Wanawatambua kwa sauti. Wengine watakupeleka wenyewe kukuonyesha kiota. Wanachoogopa ni majani kukomaa kupita kiasi, na mtu wa nje kuja kuwapangia shamba. Hofu zote mbili zina msingi. Nyasi zikishatoa mbegu, protini hushuka, ng'ombe huzimeng'enya kwa shida na maziwa hupungua. Usibishe hapo, utaonekana hujui ng'ombe.

Anza kwa kuuliza: unakata lini, na kwa nini wakati huo? Kisha ulizia kipande kinachomsumbua: penye majimaji, trekta inapozama, kona yenye nyasi haba. Hapo ndipo pa kuombea, maana akichelewa kukata hapo hapotezi sana.

Baadaye hesabuni siku pamoja. Ndege wengi wadogo wanaotaga chini huatamia karibu wiki mbili, makinda hukaa kiotani siku kumi hivi, kisha huhangaika nyasini siku kadhaa kabla ya kuruka vizuri. Ongeza siku za kujenga na kutaga, unapita mwezi. Kiota kikiharibiwa, jike hutaga upya, na mfugaji akirudi na mashine baada ya wiki tano anamkuta tena. Kwa hiyo usiombe tu "chelewa kukata". Kwa bobolinki, ndege mdogo wa Amerika Kaskazini anayetaga nyasini, ushauri mmoja ni kukata mapema kabisa, halafu kuliacha shamba siku 65 kabla ya kurudi. Mfugaji anapata majani laini ya mwanzo, yaliyo bora kuliko yote, na ndege anapata nafasi ya kulea. Mimi huanza na pendekezo hili, kwa sababu halimwombi sadaka.

Ukataji wenyewe una siri yake. Vifaranga hawapendi kuvuka mahali peupe. Ukianza pembezoni ukizunguka kuelekea ndani, unawakusanya katikati na mzunguko wa mwisho unawamaliza. Anzia katikati utoke nje, taratibu, ili wakimbilie ukingoni. Kwa Crex crex, ndege wa Ulaya na Asia anayekuja Afrika kukwepa baridi, wafugaji wa Uskoti wamekuwa wakilipwa kukata hivyo na kuchelewa. Usikate usiku, ndege wamelala.

Kwenye malisho, muombe apunguze mifugo kwenye kipande kimoja msimu wa kutaga. Kwato nyingi mahali padogo hukanyaga mayai hata zikikaa muda mfupi. Mkiona kiota, kijiti cha alama kikae hatua kadhaa mbali nacho, kunguru asikitumie kukigundua kiota.

Suala la fedha liseme waziwazi. Kama malipo yapo, eleza nani analipa, lini, na kwa masharti gani. Kama hayapo, sema hayapo. Wafugaji wameshaahidiwa mengi, na wewe ndiye utakayekutana nao tena msimu ujao.

Akikataa yote, usisukume. Muombe jambo moja tu: kuanzia katikati. Linamgharimu kona chache tu za ziada za trekta, na hata yule mbishi kabisa hulikubali mara nyingi. Mengine muulize tena akishaona vifaranga wakitoka mbele ya mashine yake.