Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: anza na skrini

Kabla hujanunua kadi ya grafiki, tazama kwanza skrini utakayotumia. Kama ni ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), huhitaji kadi ya bei kali. Radeon RX 6600 yenye memori ya GB 8 inazimudu gemu nyingi vizuri tu, tena inakula takriban wati 132.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni njia za PCIe, yaani njia ambazo data hupitia kati ya kadi na ubao mama. Kadi ya RX 6500 XT, kwa mfano, inatumia njia 4 pekee. Ukiichomeka kwenye ubao mama wa zamani wenye toleo la PCIe 3.0 badala ya 4.0, kasi ya kupitisha data inashuka kwa nusu. Hapo toleo la GB 4 ndilo linaloumia zaidi: memori ikijaa, gemu inaanza kukwamakwama. Mimi ningeiacha hata kama bei inavutia.

Una kompyuta ya ofisini ambayo pawa saplai yake haina waya wa kupeleka umeme kwenye kadi? Tafuta GTX 1650 isiyohitaji waya huo. Inapata umeme wake wote, wati 75, kwenye sloti yenyewe. Pima pia nafasi ndani ya kasha, maana kasha nyembamba hukataa kadi ndefu.

RAM nunua vipande 2 vya GB 8, usinunue kimoja cha GB 16. Na kadi ya mtumba usiilipie kabla hujaiona ikiendesha gemu nzito kwa nusu saa, huku ukisikiliza feni na kuangalia joto. Pawa saplai ya mtumba, hapana.