Jinsi ya kuusoma mchoro wa zamani mpaka ukupe stori yake (simu tu inatosha)

Wengi wetu tukikutana na mchoro maarufu mtandaoni tunauangalia sekunde tatu, "haya, wazungu wamesimama", tunapita. Na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka siku nimefungua mchoro uitwao Mabalozi wa mchoraji Hans Holbein, wanaume wawili wamesimama na rafu ya vitu katikati yao, nikaona kitu kirefu cheupe kimelala mshazari chini ya miguu yao, nikajua tu kioo cha simu kimeingia maji, nikafuta na shati. Hakitoki. Basi tutumie huohuo kujifunzia.

Kwanza usisome maelezo, ukisoma utaona ulichoambiwa tu. Ingia tovuti ya National Gallery, jumba la sanaa la London, mchoro huu wanao wao tangu 1890, utaweza kuvuta kwa vidole viwili mpaka zulia ulione vizuri. Ila vipimo viangalie mapema maana kwenye simu kila mchoro una saizi ya kiganja. Huu una zaidi ya mita 2 kila upande, yaani hao jamaa ni karibu saizi ya mtu kamili, wakati Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53 tu na ndo maana watu wakifika Louvre, makumbusho ya Paris inapokaa, wanabaki "kumbe kenyewe ndo haka?"

Halafu kagua vitu kama mtu wa forodha, nyuso ziache kwanza. Rafu ya juu kuna tufe la nyota na vifaa vya kupimia saa na jua, juu ya zulia la Kituruki ambalo siku hizo halikuwa la kukanyagwa ovyo. Rafu ya chini kuna tufe la dunia, kitabu cha hesabu, kitabu cha nyimbo za dini, na luti, ambayo kiukweli ni ndugu wa damu wa udi wetu wa taarabu, hata jina limetoka kwenye Kiarabu hichohicho. Sasa vuta hapo kwenye luti, taratibu. Uzi mmoja umekatika.

Hapo ndo pa kukaa. Mchoraji aliyehangaika na kila nyuzi ya zulia hawezi kukata uzi wa luti kwa bahati mbaya, kwahiyo ukiona kitu kibovu katikati ya vitu vizuri jiulize mwaka huo kulikuwa na nini. Huu ni wa 1533. Mwaka huohuo Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alimuoa Anne Boleyn na ugomvi wake na Papa ukawa haufichiki tena, huku Ujerumani wafuasi wa Luther wameshajitenga na Kanisa Katoliki, na kile kitabu cha nyimbo ni cha Kiluteri wakati hawa wawili ni Wakatoliki! Chombo cha muziki kinachotakiwa kutoa sauti moja kimekatika uzi, kama kanisa lenyewe lilivyokuwa linakatika, nadhani umeshaelewa.

Ndo sasa uulize ni kina nani na nani alilipa. Wa kushoto ni Jean de Dinteville, balozi wa mfalme wa Ufaransa huko London, mchoro ni wa kwake, alitaka kwenda kuutundika nyumbani kwake Polisy, na Polisy yenyewe imeandikwa kwenye lile tufe la dunia (jamaa kajiwekea kijiji chake kwenye ramani). Umri wake, 29, uko kwenye ala ya jambia (kifuko chake). Wa kulia ni rafiki yake Georges de Selve, askofu wa Lavaur, ana 25, imeandikwa kwenye kitabu alichoegemea. Askofu wa miaka 25, haya.

Ule uchafu wa chini sasa. Laza simu kama sahani, ilete usawa wa jicho, jicho likae karibu na ukingo wa kulia, kisha tazama ukipitisha macho juu ya skrini kama fundi anayeangalia ubao kama umenyooka. Ukikosa geuza geuza kidogo. Litajikusanya lenyewe: fuvu la mtu. Na Dinteville ana fuvu lingine dogo kwenye kofia, na kona ya juu kushoto nyuma ya pazia la kijani kuna Yesu msalabani, nusu kafichwa, hata mimi nilimuona siku ya tatu.

Cha mwisho ni kuuliza mchoro wenyewe ulipitia nini, maana kuna stori zinazaliwa baadaye kabisa. Ule wa mchoraji Rembrandt wa 1642 unaoitwa Doria ya Usiku sio usiku, ni vanishi iliyoingia giza, na 1715 waliukata pembeni ili utoshe ukuta wa jengo la manispaa Amsterdam. Wakaukata kama kitambaa cha pazia, mi hiyo mpaka leo inaniuma.

Ukishazoea, humohumo kwenye tovuti ya National Gallery tafuta mchoro wa Arnolfini wa Jan van Eyck, halafu nenda moja kwa moja kwenye kile kioo cha duara ukutani, hesabu watu waliomo, wamesimama wawili chumbani lakini kwenye kioo hawaishii wawili. Juu ya kioo kuna maandishi ya Kilatini: Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434. Kama sisi tulivyokuwa tunachonga majina kwenye madawati.