Kuku mgeni uani: mtazame kwanza kabla ya kumkamata

Kuku wa kienyeji haondoki kwao bure. Ukiona tembe usiyemfahamu anazunguka uani kwako, ujue kuna jambo limemtoa alikokuwa: anatafuta pa kutagia, analalia mayai karibu na hapo, amenunuliwa juzi akamtoroka mwenyewe, au ni mgonjwa. Wengi wetu tukimwona tunakimbilia kumkamata, au tunamfukuza kwa mawe. Afadhali umwache siku moja umtazame, kwa sharti moja: siku hiyo kuku wako wabaki bandani, na vyombo vyao vya maji visikae nje.

Anza na saa anayofika. Kuku anayelalia mayai kwa kawaida hutoka kiotani mara moja tu kwa siku, na mara nyingi hatoki zaidi ya nusu saa. Utamjua kwa haraka yake. Anakuja manyoya yamefutuka, anakoroma kooni, anadonoa kwa pupa, anakunywa maji, anajigaragaza vumbini dakika chache, kisha hayupo. Kuku mwenzake akimsogelea, anamrukia. Upanga wake, ile nyama nyekundu ya kichwani, huwa umepauka na kusinyaa kidogo, na kinyesi chake ni bonge kubwa lenye harufu kali kwa sababu hukizuia akiwa kiotani. Watu wengi wakikiona kinyesi hicho hudhani ni ugonjwa na kuanza kumtafutia dawa. Siku ukimshika, papasa kifuani na tumboni: utakuta manyoya yamenyonyoka, na ngozi iliyo wazi ina joto, maana ndiyo inayogusa mayai.

Kuku wa namna hii usimfuate kwa karibu. Akijua anatazamwa, hupiga kona, hujifanya anachakura, na haendi kiotani mpaka uondoke. Simama mbali, uone anakopotelea: chini ya michongoma, nyuma ya tangi la maji, kwenye rundo la matofali au magunia ya mkaa. Ukikipata kiota, yaache mayai yalipo. Kuangua huchukua siku 21, na kuku akisumbuliwa mchana anaweza kuyasusa yote. Kama pana nguchiro au kenge, mhamishe usiku yeye na mayai yake, umweke kwenye kikapu chenye nyasi kavu mahali penye giza na utulivu.

Anayetafuta pa kutagia ana mwendo tofauti. Upanga wake ni mwekundu na umejaa, anachungulia kila pembe, anaingiza kichwa kwenye ndoo na maboksi huku akilalamika. Akishataga utamsikia akitetea hadi nyumba ya tatu. Ukimshika, mifupa miwili iliyo karibu na tundu la kutagia hupitisha vidole viwili au vitatu katikati. Kwa asiyetaga ni kidole kimoja kwa shida.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa mfugaji hilo ni la kuangaliwa kwa macho. Tazama mguu kama una alama ya kamba, tazama na bawa kama manyoya yamekatwa. Kuku aliyehamishwa juzi hutembea kando ya ukuta akienda na kurudi, anaita, na jioni anapanda mti. Kupanda huko ni asili yake. Mababu wa kuku ni ndege wa misitu ya Asia waliolala juu ya matawi, na kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo hutafuta pa kulala kabla jua halijazama.

Wa kuogopwa ni yule asiyefanya lolote. Kuku mzima hamalizi dakika nyingi bila kuchakura. Ukimwona amesimama peke yake, kichwa amekivuta ndani, mabawa yameshuka, macho nusu yamefumba mchana kweupe, chukulia kwamba ni mgonjwa. Akihema kwa mdomo, akiharisha kijani au akipinda shingo, huenda ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, na unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Mdondo hauna tiba. Usimguse kisha ukaingia bandani kwako. Nawa kwa sabuni, badilisha viatu, mwite afisa mifugo wa kata. Akifa, mchome au mzike kwenye shimo refu. Asiliwe, wala mzoga usitupwe jalalani mbwa wakaufukua.

Anayeonekana mzima, na halalii mayai, mkamate usiku akiwa amelala, kwa mikono miwili ukibana mabawa. Mweke kwenye tenga mbali na banda, na chakula na maji yake mwenyewe. Mpekue chini ya mabawa na kuzunguka mkundu kama ana chawa na utitiri. Vidoa vyeusi visivyobanduka kwenye upanga na kando ya macho ni viroboto. Mhudumie mwisho, baada ya kuku wako. Wiki mbili ni kiwango cha chini cha kumtenga; mimi nashauri tatu. Akikaa siku kadhaa bila dalili, apate chanjo ya mdondo ya tone moja jichoni mapema, maana kinga huhitaji kama wiki mbili kujengeka.

Wakati huo mtafute mwenye kuku. Uliza majirani, mwambie balozi au mwenyekiti wa mtaa, usisubiri watu waje kuuliza. Akipatikana, apewe kuku wake pamoja na mayai au vifaranga. Kuku mmoja ni ada au daftari la mtoto wa mtu, na ujirani unaharibika kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Asipopatikana, usimwachie ghafla katikati ya kuku wako. Kuku wana ngazi ya ukubwa, kila mmoja anamjua wa kumdonoa na wa kumkimbia, na mgeni lazima atafutiwe nafasi yake. Sogeza tenga karibu na banda waonane siku tatu nne, kisha muingize usiku wakiwa wamelala. Asubuhi tawanya mtama au mahindi yaliyoparazwa sehemu mbili tatu ili mkubwa asilinde chakula chote. Watapigana siku mbili tatu. Mradi hakuna damu, waache; ikitoka damu, mrudishe kwenye tenga upake jeraha dawa, kwa kuwa wenzake wakiona wekundu hawaachi kudonoa.