Kutazama Ndege wa Pwani katika Hori ya Mida
Ifikapo Novemba, baridi inapoingia Ulaya na Asia, ndege wengi wahamao huwa wamekwisha kufika Hori ya Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya. Angalia kwanza ratiba ya maji, ufike saa mbili au tatu kabla hayajajaa, kwa kuwa maji yanayopanda hufunika matope polepole na kuwasogeza ndege karibu nawe, ilhali yakipwa huwaona kwa mbali mno hata kwa darubini. Jua liwe mgongoni. Mtafute hasa yule aitwaye kwa Kiingereza crab-plover, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huchimba mashimo ya kutagia katika mchanga wa pwani za Uarabuni. Kwangu mimi, yeye peke yake anatosha safari. Ndege wakianza kuinua vichwa, simama, usiwakaribie zaidi.